Je, Umaskini Waweza Kwisha?

Liko swali moja linaloulizwa mara nyingi katika jumuiya zetu, hasa wakati wa Kwaresima tunapochangishana kwa ajili ya wahitaji. Wengine huliuliza kwa moyo mwema, wengine kwa kuchoka, na wengine huliuliza ili wapate sababu ya kutotoa. Swali lenyewe ni hili: Je, umaskini waweza kwisha duniani? Kama hauwezi, ya nini kujisumbua? Na kama waweza, mbona Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake ya kuwa maskini watakuwa nao sikuzote?

Leo twapenda kulichungua swali hilo taratibu, maana jibu lake si la maneno tu. Kwa sababu ya jibu hilo mtoto mmoja hubaki shuleni, na mwingine hutolewa kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Mjane mmoja hubaki katika shamba lake, na mwingine hufukuzwa. Mtu hutenda kadiri ya anavyosadiki. Yule anayesadiki ya kuwa umaskini ni amri ya Mungu hawezi kuukunjia mikono ya kanzu yake aushughulikie. Ataupitia kando, kama kuhani na Mlawi walivyompitia yule mtu aliyejeruhiwa njiani.

NENO LA BETHANIA

Na tuanze na neno la Bwana wetu, kwa kuwa ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Mathayo, Marko na Yohane wote watatu walisimulia habari hiyo. Siku chache kabla ya mateso yake Bwana alikuwa mezani huko Bethania. Akaja mwanamke, akampaka mafuta ya thamani kubwa. Watu wakanung'unika, wakisema ya kuwa afadhali mafuta yale yangeuzwa kwa dinari 300, na fedha wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi fedha ile ilikuwa karibu mshahara wa mwaka mzima. Yohane aeleza ya kuwa msemaji alikuwa Yuda Iskariote, naye hakuwa na huruma kwa maskini hata kidogo, bali alikuwa mshika mfuko na mwizi wa vilivyotiwa ndani yake. Hapo ndipo Bwana alipojibu ya kuwa maskini wanao sikuzote. Naye Marko ameongeza jambo ambalo wengi hulisahau: ya kuwa wakati wowote wapendao, waweza kuwatendea mema.

Tena Bwana hakutunga neno jipya. Wayahudi waliokuwa mezani walilijua tangu utoto, maana limo katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 15. Yafaa kila familia ifungue sura hiyo nyumbani na kuisoma pamoja. Katika aya ya 4 Mungu awaahidi Waisraeli ya kuwa hapatakuwa na maskini kati yao. Katika aya ya 11 asema ya kuwa maskini hawatakoma katika nchi. Je, Maandiko Matakatifu yajipinga yenyewe? Hasha! Aya ya 4 yaonyesha jinsi Mungu atakavyo mambo yawe, watu wake wakishika amri zake. Aya ya 11 yaonyesha jinsi mambo yalivyo kwa sababu ya udhaifu na choyo cha wanadamu. Na kati ya hizo mbili zimewekwa amri zenyewe: madeni yasamehewe kila mwaka wa saba, mhitaji akopeshwe hata kama mwaka wa saba umekaribia, mtumwa aachwe huru, wala asiondoke mikono mitupu.

Kwa hiyo neno hili la Bwana si mto wa kulalia usingizi, bali ni wito wa kuamka. Mganga wa hospitali akisema ya kuwa wagonjwa hawatakosekana sikuzote, hasemi kwamba malaria isitibiwe. Asema ya kuwa mlango wa hospitali usifungwe.

UMASKINI SI WA NAMNA MOJA

Tukitaka kujibu vema, hatuna budi kutofautisha namna tatu za umaskini.

Ya kwanza ni ufukara wa hiari. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa nguo. Aliacha mali ya baba yake kwa mapenzi ya Kristu. Watawa wetu hufuata njia hiyo kwa nadhiri, na kila Mkristu aitwa kuwa maskini wa roho, yaani asiwe mtumwa wa mali yake. Ufukara huo hatutaki ukome. Ni hazina ya Kanisa.

Ya pili ni unyonge wa maumbile. Daima watazaliwa watoto wasioweza kujilisha, watu watazeeka, wengine wataugua au watafiwa na wazazi. Hata nchi iwe na utajiri namna gani, watu hao hawatakosekana. Hao ndio tutakaokuwa nao sikuzote, na mapendo hayawezi kustaafu.

Ya tatu ni umaskini wa kukosa mahitaji ya lazima: chakula, maji safi, matibabu, elimu, mahali pa kulala, kazi yenye ujira wa haki. Umaskini huo haumkaribishi mtu kwa Mungu. Mara nyingi wamvunja moyo na kumnyima heshima aliyopewa na Muumba. Nao kwa sehemu kubwa hautoki mbinguni. Watoka katika matendo ya watu, na katika mambo ambayo watu wameacha kuyatenda. Huu ndio tunaouulizia. Nasi twajibu wazi: ndiyo, huu waweza kupunguzwa, tena waweza kuondolewa katika sehemu nyingi sana za maisha ya watu.

MAMBO YALIYODHANIWA HAYANA MWISHO

Wako watakaosema ya kuwa hayo ni ndoto. Basi watazame historia ya nchi yetu. Kwa karne nyingi utumwa ulikuwako, hata watu wenye busara walidhani kwamba dunia haiwezi kwenda bila watumwa. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo, walikuta misafara ikiwateremsha pwani watu waliofungwa minyororo. Wakaanza kuwakomboa na kuwajengea makao. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1897 sheria iliondoa utumwa huko Unguja na Pemba, na mwaka 1922 ikawa vivyo hivyo Tanganyika. Haikuwa kazi ya siku moja, tena wako hata leo watu wanaouzwa na kutumikishwa kwa siri. Lakini leo hakuna sheria inayomwita mtu mali ya mwenzake.

Kadhalika ndui. Ugonjwa huo uliua na kupofusha watu tangu zamani za kale. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kuwa ndui imekwisha.

Na umaskini wenyewe je? Mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa dunia walikuwa katika ufukara wa kupindukia, kwa kipimo cha Benki ya Dunia. Leo ni karibu mmoja kati ya kumi. Mabadiliko makubwa namna hiyo hayakupata kuonekana katika muda mfupi hivyo. Yalitokea hasa Uchina na katika nchi nyingine za Asia, kwa njia ya kilimo bora, viwanda, shule na barabara.

Hapa kwetu, uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, taifa lilitangaziwa maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wakati ule mtu aliyezaliwa Tanganyika hakutazamiwa kufikisha miaka 50. Siku hizi hutazamiwa kupita 60. Hesabu za serikali kwa Tanzania Bara zaonyesha ya kuwa mwaka 2007 watu 34 kwa mia hawakuweza kupata mahitaji ya lazima. Mwaka 2018 walikuwa 26 kwa mia. Hayo ni maendeleo, nasi twamshukuru Mungu. Lakini yatupasa kusema kweli yote. Kwa kuwa watu wa nchi waliongezeka, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 62, fungu la maskini lilipungua bali idadi yao haikupungua. Wako mamilioni. Wana majina, na wengine wao hukaa nasi kanisani katika benchi moja.

GHALA IMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano mmoja. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ni kati ya ghala za taifa letu. Mahindi yake hulisha miji. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na katika Njombe na Rukwa yapata nusu. Kwa nchi nzima ni watoto 30 kwa mia. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Akili yake pia yaweza kudhoofika, na darasani hubaki nyuma.

Yawezekanaje? Mvua ilinyesha, na shamba lilizaa. Lakini mama alishinda shambani tangu alfajiri hata jioni, akiwa mjamzito au akiwa amebeba mtoto mgongoni, na mtoto alikula uji wa mahindi matupu, bila maharagwe, wala mboga, wala yai, wala maziwa. Mayai yaliuzwa mnadani. Maji machafu yalimharisha. Mavuno yalipouzwa, fedha ilikaa katika mfuko wa mtu mmoja, na aliyepika hakuulizwa neno.

Mfano huo watufundisha jambo kubwa. Umaskini si ukosefu wa mali tu. Mara nyingi mali ipo, bali njia yake imepinda kabla haijamfikia mdogo. Ndiyo maana fedha peke yake haiumalizi, wala mvua njema haiumalizi. Hutakiwa maarifa, sheria za haki, na moyo uliogeuka. Na moyo huo huanza kugeuka nyumbani, kabla ya kugeuka katika ofisi yoyote.

MAKOSA MATATU

Wakristu wengi huanguka katika moja la makosa haya.

Kosa la kwanza ni kusema ya kuwa Mungu ndiye aliyempangia maskini umaskini wake, au ya kuwa kila maskini ni mvivu. Wavivu wako, nao Mtakatifu Paulo aliwakemea Wathesalonike wasiotaka kufanya kazi. Lakini aliwakemea wasiotaka, si wasioweza, wala wale wanaofanya kazi toka macheo hadi machweo kwa ujira usiotosha. Mkulima alimaye ekari mbili kwa jembe la mkono hana uvivu.

Kosa la pili ni kungoja serikali au wafadhili wamalize kila kitu. Miaka ya 1970 taifa letu lilijaribu kuuondoa umaskini kwa vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zilifika mahali zisipokuwako, nalo ni jambo la kukumbukwa kwa shukrani. Lakini watu wengi walihamishwa bila kupenda, mazao yakashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu. Mtu hawezi kuendelezwa na mwingine kama mzigo unaobebwa. Hana budi kushiriki kwa hiari na akili yake.

Kosa la tatu limeenea sana siku hizi. Ni la wale wahubirio ya kuwa umaskini ni laana, na ya kuwa atoaye fedha nyingi mbele ya mhubiri atapata nyumba na gari. Wajane wameuza mbuzi wao kwa maneno hayo. Kama umaskini ni laana, basi tuseme nini juu ya Mtoto aliyelazwa horini, ambaye wazazi wake walitoa hekaluni sadaka ya maskini?

HAKI KWANZA, KISHA SADAKA

Kanisa halikunyamaza katika mambo haya. Mwaka 369 njaa kali iliipata nchi ya Kapadokia. Mtakatifu Basili Mkuu, wakati ule akiwa padre, aliwahubiria kwa ukali matajiri waliofungia nafaka ghalani wakingoja bei ipande. Aliwafundisha ya kuwa mkate uliozidi nyumbani mwao ni haki ya mwenye njaa. Kisha akawalisha watu kwa mikono yake mwenyewe. Tusidhani ya kuwa mambo hayo ni ya kale tu. Mfanyabiashara wa mahindi aulize dhamiri yake kila mwezi wa Januari.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum, alifundisha ya kuwa ujira wapaswa kumtosha mfanyakazi kuishi kwa heshima, wala mapatano ya mdomo hayahalalishi dhuluma. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha ya kuwa Mungu ameiweka dunia kwa ajili ya watu wote. Mwaka 1967 Papa Paulo VI aliandika Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa. Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere, akiongea na Masista wa Maryknoll huko New York, aliliomba Kanisa lisimame upande wa maskini na kupinga mipango inayowaweka chini. Na mwaka 2025 Papa Leo XIV alitoa waraka wa Dilexi te, wote juu ya mapendo kwa maskini.

Katika hayo yote fundisho ni moja: haki hutangulia, sadaka hufuata. Wahenga wetu walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayemnyima mtumishi wa ndani mshahara wa miezi mitatu, kisha akampa nguo kuukuu siku ya Noeli, hakutoa sadaka. Amerudisha kidogo katika deni.

Tufikiri pia juu ya mjane. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimwacha bila fungu lake katika urithi wa mumewe, na bado ziko koo zinazozishika. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Ndugu wa marehemu wanaogawana mabati na mashamba siku ya kuondoa matanga, na kumwacha mama na watoto nje, wamewaumba maskini wapya kwa mikono yao wenyewe. Halafu Jumapili huja kanisani kuwachangia maskini!

Walakini haki haiondoi sadaka. Mwaka 1833 huko Paris kijana mmoja wa chuo kikuu, Frédéric Ozanam, mwenye umri wa miaka 20, alikuwa akiitetea dini mbele ya wenzake. Wakamwuliza kwa dharau Wakatoliki wanawafanyia maskini jambo gani siku hizo. Hakujibu kwa hotuba. Yeye na rafiki zake walianza kuwatembelea maskini nyumbani kwao, na hivyo likazaliwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambalo liko hata katika parokia zetu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1997. Ozanam aliona ya kuwa sheria njema yaweza kumpa mtu ujira, bali haiwezi kuketi kitandani pake akiugua.

KAZI YA FAMILIA

Basi familia ya Kikristu ifanye nini? Twataja mambo manne tu.

Kwanza, baba na mama wapange pamoja matumizi ya mavuno na mshahara, na fungu la kwanza liwe chakula cha watoto na elimu yao, wasichana na wavulana sawasawa.

Pili, kila baba mwenye mali aandike wosia mbele ya mashahidi akiwa mzima. Kuandika wosia si kujitabiria kifo. Ni kumpenda mke hata baada ya kifo.

Tatu, tutazame michango yetu. Kwa harusi ya siku moja twaunda kamati, twafanya vikao, na mamilioni ya shilingi yapatikana. Jirani akilazwa hospitali, twampa pole. Hatukatazi furaha ya arusi, maana Bwana mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Twasema tu ya kuwa kamati iliyoweza kulipia ukumbi na muziki yaweza pia kutenga sehemu kwa ajili ya yatima mmoja wa jumuiya.

Nne, tuungane. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipoanzisha chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933, walijua ya kuwa mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vyafuata njia hiyo. Lakini viongozi wavitunze kwa uaminifu, wasije wakawa washika mfuko kama yule wa Bethania.

Turudi sasa kwenye swali. Je, umaskini waweza kwisha? Njaa, ujinga, maradhi yanayotibika na dhuluma vyaweza kwisha, na Mungu atatudai hesabu tukiviacha. Bali mtu anayehitaji mkono wa mwenzake hatakwisha hata mwisho wa dunia, naye amewekwa mlangoni petu na Kristu, ambaye alisema ya kuwa lolote tumtendealo mdogo huyo twamtendea yeye. Wala mtu asingoje kutajirika kwanza. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Someni Kumbukumbu la Sheria sura ya 15. Ni amri ipi kati ya zile iliyo ngumu kwetu, na kwa nini?

2. Katika nyumba yetu nani huamua matumizi ya mavuno au ya mshahara? Je, anayepika huulizwa?

3. Je, yuko mtu tunayemdai sadaka ya shukrani, kumbe sisi tunadaiwa naye haki?

4. Katika jumuiya yetu, ni mjane gani, yatima gani au mgonjwa gani ambaye hatujamtembelea mwaka huu? Nani ataenda, na siku gani?